Naomba ushauri: VPN ipitishe programu ya ofisi tu

Habari zenu wakuu. Natumia WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri ya mtandao hadi ofisini) kwenye Windows 11 kufikia seva ya ofisi. AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia VPN) ikiwa 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kila kitu kinazungukia ofisini, hadi vikao vya video na wateja vinakatakata, na hilo linaniumiza sana. Nimeiweka 10.20.0.0/16, yaani anwani za ofisi tu: video zimetulia, programu ya uhasibu inafunguka kwa anwani ya IP, ila kwa jina la seva inagoma. Nikipiga ping 10.20.0.5, ambayo ndiyo DNS ya ofisi (seva inayogeuza majina kuwa anwani za IP), inajibu vizuri. Kwenye Android kuchagua programu zinazopita kwenye VPN ni rahisi. Huku kwenye Windows sijaona pa kuchagulia.

Nifanyeje ili majina ya ofisi pekee yaulizwe kwenye DNS ya ofisi? Na je, kuna njia salama ya kupitisha programu moja tu? Natanguliza shukrani.