Marekani: rubani wa droni anaanikwa hadharani, polisi wanaruka wapendavyo

Wakuu, huu mfumo wa Remote ID (droni kujitambulisha kwa mawimbi) lazima usemwe. Tangu 16 Machi 2024 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wanaadhibu rasmi asiyeufuata. Droni yoyote inayotakiwa kusajiliwa (ya burudani ikizidi gramu 250, ya kazi hata iwe nyepesi vipi) lazima ijitangaze hewani kila sekunde: namba ya utambulisho, mahali ilipo, urefu, kasi, saa. Hapo sina ugomvi.

Kinachokera ni kwamba inatangaza na mahali alipo rubani, tena waziwazi, kwa Wi-Fi au Bluetooth! Mwenye simu inayopokea mawimbi hayo na programu ya bure anakuona kwenye ramani. Jina halionyeshwi, lakini anayekuja na nondo mkononi halihitaji. Namba ya gari haimwambii mpita njia dereva amesimama wapi, sasa hii kwa nini iseme? Wangeweza kulisimba eneo la rubani, yaani kulificha kwa msimbo, ufunguo wa kulisoma wakabaki nao FAA na polisi. Hawakutaka.

Wenye moduli ya kubandika (kifaa cha Remote ID kinachoongezwa kwenye droni isiyo nacho), jueni inatangaza pale droni ilipopaa, siyo uliposimama. Msirushie mlangoni kwenu.

Msiniambie ni usalama tu. Januari 2025 droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto kule Palisades, Los Angeles. Huo ni uhalifu na mhusika alistahili adhabu. Lakini kutangaza eneo hakuzuii mgongano, kunasaidia kumtafuta mkosaji baadaye, na kwa kazi hiyo polisi kuwa na ufunguo kunatosha.

Upande wa serikali sasa, yaani polisi wanaotuchungulia kutoka angani. Mwaka 1989, kesi ya Florida v. Riley, Mahakama ya Juu iliona helikopta ya polisi ikichungulia ua wa mtu kutoka futi 400 haihitaji hati ya upekuzi. Futi 400 ndio urefu wa kawaida wa mwisho wa droni! Kamera ya joto ikielekezwa nyumbani kwa mtu inahitaji hati, hilo mahakama hiyohiyo iliamua 2001 kwenye kesi ya Kyllo. Jimbo la Florida lilitunga sheria yake 2013 ya kuwabana polisi kwenye droni. Baadhi ya majimbo hayana sheria kama hiyo, huko kila idara inajipangia.

Polisi wa Chula Vista, California, wanachapisha ramani za safari za droni zao, kwa hiyo inawezekana. Kila idara ilazimishwe kuchapisha saa, njia, sababu ya kuruka, aina ya kamera, na tarehe ya kufuta video. Na FAA wafiche eneo la rubani.