Homa ya ini B: daktari wa wilaya aanzishe dawa mwenyewe, au tuendelee kuandika rufaa?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya, hasa madaktari na matabibu mliomo humu. Wapo wanaosema homa ya ini B ni kazi ya bingwa, daktari wa kawaida aandike rufaa na aishie hapo. Mimi napinga. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kumtibu mgonjwa huyu, ila mafunzo endelevu tunayompa hayamwezeshi.

Tuanze na mgonjwa. Kijana amekwenda kumchangia damu ndugu yake, anaitwa pembeni na kuambiwa damu yake haifai, ana homa ya ini B. Mwingine anajua siku ya kupima afya ili aende kufanya kazi Oman au Saudia, na safari inafia hapo hapo. Wote wanauliza kama dawa ipo. Jibu wanalopewa mara nyingi: hakuna dawa, acha pombe, punguza mafuta, kamwone bingwa. Bingwa yuko mbali na nauli haipo, kwa hiyo mtu ananunua mitishamba. Tunamwona tena miaka mingi baadaye, tumbo limejaa maji.

Sasa tumchukulie kijana huyo ana AST (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia) 78, kiwango cha juu cha maabara ni 40, chembe sahani (zile za kugandisha damu) elfu 130. Gawa 78 kwa 40, zidisha kwa 100, gawa kwa 130. Unapata 1.5. Hiyo ndiyo APRI, hesabu ya kukadiria makovu kwenye ini, na simu yoyote inaipiga. Mwongozo wa WHO wa Machi 2024 unasema mtu mzima aliyezidi 0.5 anastahili kuanza dawa, hata pasipo na kipimo cha wingi wa virusi. Dawa yenyewe ni tenofovir, ile ile iliyomo ndani ya vidonge vya ARV vinavyotolewa kila siku CTC (kliniki ya wenye VVU), pengine jengo la jirani. Kwa VVU tulishakubali kwamba tabibu aanzishe dawa, wala hatukusubiri bingwa kila wilaya. Kwa ini tunasubiri nini? WHO wenyewe wanakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na waliokuwa kwenye matibabu ni asilimia 3 tu.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sitaki kuipita juu juu. Tenofovir ikisimamishwa ghafla, virusi vinaweza kuamka na ini likashindwa. Figo lazima zifuatiliwe. Ukimpa tenofovir peke yake mtu mwenye VVU ambaye hajapimwa, umemtengenezea usugu wa dawa. Wapo pia ambao virusi vyao vimetulia, hawahitaji kidonge leo, wanahitaji kurudi kupimwa. Daktari asiyejua haya ataumiza watu, hilo nalikubali kabisa.

Lakini haya yote yanafundishika. Hayafundishiki kwa semina ya siku moja hotelini, slaidi baada ya slaidi, mtu anasaini mahudhurio, anapata pointi za leseni na kurudi kituoni akiwa na woga ule ule. Daktari anajifunza akiwa na mgonjwa wake mkononi na mtu wa kumuuliza.

Mfano upo. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mpango wa mafunzo uitwao ECHO kwa ajili ya homa ya ini C. Madaktari wa vijijini na magerezani walikutana na mabingwa kwa video mara kwa mara, kila mmoja analeta mgonjwa wake halisi, anajadiliwa, anarudi kumtibu mwenyewe. Matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa mwaka 2011: waliopona katika kliniki ya chuo ni asilimia 57.5, na waliopona mikononi mwa hao wa vijijini na magerezani ni asilimia 58.2. Kumbukeni hizo zilikuwa enzi za interferoni, tiba ngumu yenye madhara mengi. Tenofovir ni kidonge kimoja kwa siku.

Naongeza baada ya kusoma michango yenu. Mmoja kasema mafunzo bila vitendanishi ni kazi bure. Ni kweli, ila huyo kijana wetu alishapimwa, majibu yake yako kwenye faili, na aliyekosekana ni mtu wa kuyasoma. Mwingine kauliza bingwa atabaki na nini. Atabaki na wengi: anayetapika damu, mwenye maji tumboni, mwenye uvimbe kwenye ultrasaundi, mtoto, anayeanza tiba ya saratani. Leo hawa wanakaa foleni moja na watu ambao wangetibiwa wilayani.

Pendekezo langu: pointi za leseni zitolewe kwa wagonjwa waliojadiliwa na kufuatiliwa, mwaka mzima, badala ya siku za kukaa ukumbini. Na mama mjamzito mwenye homa ya ini B awe somo la kwanza, kwa sababu mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yake yote ni mkubwa mno.

Mabingwa, nawaomba mnijibu hapa: mgonjwa mwenye APRI 1.5, VVU hana, figo nzima, hana dalili za ini kushindwa, ni kitu gani mtamfanyia ambacho daktari aliyefundishwa hivi hawezi?