Fataki nyekundu usiku baharini: wajibu ni wa nani?

MtuWaPasua: Wakuu, nipo Moshi likizo, usingizi umekata. Meli ikiwa safarini usiku, mtu wa zamu akaona fataki nyekundu mbali. Nahodha akaarifiwa, akasema tusonge mbele. Sheria inambana nani? Naombeni ushauri, matusi sina nguvu ya kuyajibu.

Mzee_Majengo: Kijana, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, unataka nahodha aende upesi kuwaokoa walio hatarini, ilimradi asiitie meli yake na watu wake kwenye hatari kubwa. SOLAS ya 1974, mkataba wa usalama wa meli, inasema hivyohivyo, na asipokwenda, sababu iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za meli. Kiliandikwa nini?

MamaKibosho: Mwanangu, Novemba 2022 nilikuwa Bukoba kwa dada yangu ndege ilipodondoka ziwani. Wavuvi ndio waliowahi, na mitumbwi yao. Watu 43 walikuwamo, 24 wakatoka hai. Dada alitoa kanga zake zote zikafunike watu. Wale vijana hawakuuliza sheria inambana nani.

KijanaWaSoweto: Moshi kuna bahari tangu lini? Huku tunashusha watalii mlimani tu.

Mzee_Majengo: Hujanijibu. Kiliandikwa nini?

MtuWaPasua: "Taa za wavuvi." Nikasaini. Lakini nina ada za watoto, mama yupo kliniki kila mwezi, na mkataba mpya nimeshasaini, Jumatano naondokea KIA. Halafu redio ilikuwa kimya, chaneli 16, ile ya dharura, hakuna aliyeita.

Baharia_Mstaafu: Hii chai. Nimekaa baharini miaka 22. Baharia wa kutazama mbele hasaini kitabu, anayesaini ni ofisa wa zamu. Na redio kuwa kimya si hoja, fataki nyekundu yenyewe ndiyo wito wa msaada. Usiku wa Titanic, 1912, watu wa meli jirani, Californian, waliona roketi angani, mtu wao wa redio amelala, hawakwenda. Meli nyingine, Carpathia, ilitoka mbali zaidi ikaokoa zaidi ya watu 700. Mtunzi, funga uzi wako.

KijanaWaSoweto: Chai bila hata andazi.

MtuWaPasua: Shikamoo mzee. Si chai. Ofisa wa zamu ni mimi. Ofisa wa tatu, saa tano usiku, Mlango wa Msumbiji. Nahodha nilimpigia simu chumbani, hakupanda darajani tunakoongozea meli. Yale maneno niliyaandika kwa mkono wangu.

Baharia_Mstaafu: Marahaba. Basi nisamehe. Andika usiku huu saa, mahali mlipokuwa na mwelekeo wa meli. Kesho wasiliana na TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wakuelekeze kwa nchi yenye bendera ya hiyo meli. Jumatano usipande ndege.

MtuWaPasua: Nikiongea sipati meli tena, mzee.

MamaKibosho: Baba, fataki ilikuwa moja?

MtuWaPasua: Mbili, mama. Nahodha nilimwambia moja. Ya pili ilikuwa chini kabisa, usawa wa maji, kama mtu ameishika mkononi.