Fundi katuhamisha kutoka Publisher, kafuta mafaili yetu yote ya tangu 2012. Nimechoka!

Wakuu, naomba mnisikilize, maana leo ni siku ya tatu sijalala vizuri.

Nina steshenari Tandika. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, lakini kinacholipa kodi ya fremu ni kadi: za mchango, za mwaliko Single na Double, za kicheni pati, pamoja na vijitabu vya ratiba ya mazishi. Kazi zote hizo tangu 2012 tumezifanya kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Najua humu kuna wabunifu wanaoidharau. Sawa. Mimi imenisomeshea watoto wawili.

Mwezi uliopita kaja fundi mmoja mwenye duka Kariakoo, jina simtaji. Akaniambia Microsoft wanaifunga Publisher Oktoba 2026 na mafaili yote ya pub, yaani yale yanayotengenezwa na Publisher, yatakufa nayo, nisipohama sasa nitakuja kulia. Bei laki tatu na nusu: ageuze mafaili yote, apige Windows mpya, aweke Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa, anifundishe siku moja. Nikalipa. Jioni akanikabidhi kompyuta, inawaka haraka kweli, mafaili yote yako kwenye folda moja. Yote PDF.

Nikamuuliza, zile pub ziko wapi? Akanijibu kazifuta, hazina kazi tena, zilikuwa zinajaza diski.

Jamani!

Anayeifanya kazi hii anajua. PDF unampelekea mchapaji, pub ndiyo unayoifanyia kazi. Ijumaa kaja mama mmoja na kadi ya binti yake mkubwa niliyomtengenezea 2023, anataka ile ile kwa mdogo mtu. Abadilishiwe majina, tarehe, ukumbi, na bluu iwe zambarau. Zamani hiyo ni kazi ya dakika kumi, mteja anasubiri kwenye benchi. Nikaifungua PDF ndani ya Scribus, kila herufi imekuwa mchoro. Huwezi kuweka kishale ukafuta jina. Nikaanza kadi nzima upya huku mama wa watu ananitazama, na nilipofika kwenye waalikwa 180 ndipo nikajua nimeumia. Publisher ilikuwa inachukua majina kutoka Excel na kuyapanga yenyewe kwenye kadi, moja moja. Scribus haina kitu hicho ndani yake, mpaka utafute skripti, yaani kiprogramu kidogo cha kuongeza pembeni. Fundi hakunigusia hilo hata kidogo. Vijitabu hali kadhalika: Publisher ilikuwa inajua yenyewe kwamba kwenye kijitabu cha kurasa 8, ukurasa wa 8 na wa 1 vinakaa upande mmoja wa karatasi. Sasa hivi napanga kwa mkono.

Hayo ningeyavumilia. Lililoniumiza ni la Jumamosi.

Kaja kijana, baba yake tulimtengenezea kijitabu cha mazishi miaka minne iliyopita. Familia inafanya kumbukumbu, wanataka picha ya mzee ikuzwe. Picha yenyewe ya karatasi ilipotea walipohama nyumba, na alikuja kwangu kwa sababu aliniona nikiiskani kwa mikono yangu. Ilikuwa ndani ya pub, kubwa na safi. Fundi alipogeuza alichagua ule ukubwa mdogo wa PDF, ule wa kutuma kwenye mtandao, ambao unaminya picha. Nikiikuza kidogo tu, uso wa mzee unakuwa vidoadoa. Nimwambie nini yule kijana? Nilimwambia ukweli. Akanyamaza, akaaga, akaondoka.

Nimempigia fundi. Anasema kushauri PDF wameshauri Microsoft wenyewe. Ni kweli wameshauri mtu ageuze kazi zake kuwa PDF au Word kabla ya muda kwisha. Lakini kugeuza na kufuta ni mambo mawili! Mimi sikuona mahali walipoandika ukishageuza futa.

Na hata lile alilonitisha nalo lilikuwa nusu ya ukweli. Watakaofungiwa kufungua pub baada ya Oktoba 2026 ni wanaolipia Microsoft 365. Mimi nilikuwa na Office 2016, niliyoinunua mara moja. Hiyo ingeendelea kufungua mafaili yangu, ila tu hailetewi tena marekebisho ya usalama. Ningeweza kuiacha kwenye kompyuta moja isiyoingia intaneti, nikahama taratibu, kadi moja moja, kila mteja anaporudi. Mtu anayejiita mtaalamu wa kuhamisha watu alitakiwa kunieleza hivyo kabla hajagusa kitu.

Kuna mengine alitakiwa kuyajua. Juzi niliokota pub kama kumi na tano kwenye flashi ya dada aliyekuwa mfanyakazi wangu. Nikazijaribu kwenye LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure na inafungua pub tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Zikafunguka. Visanduku vimesogea, mistari mingine imekatika, lakini maandishi ni maandishi na yanaharirika. Hata Scribus hii hii aliyoniwekea, toleo la 1.6, ina uwezo wa kuingiza pub. Yaani alikuwa na ufunguo mkononi halafu akavunja mlango.

Na msije mkasema naichukia Scribus. PDF yake ya rangi nne mchapaji wangu kaipokea bila neno. Ugomvi wangu ni na mtu aliyefuta kazi ya miaka yote hiyo bila kuniuliza, akachukua na hela.

Diski kaifomati na kuweka Windows juu yake. Mwenye uzoefu wa kurudisha mafaili kwenye hali hiyo aniambie ukweli hata kama ni mchungu. Kompyuta nimeizima tangu jana ili kisiandikwe kitu kingine juu yake. Na kama uliwahi kutengenezewa kadi kwetu Tandika ukaondoka na pub kwenye flashi yako, usiifute, niletee niikopi, hata kama ni moja.

Kesho saa tatu asubuhi niko dukani kwake Kariakoo na risiti yangu.