Mrejesho: vitatange wangu wapya na hofu ya madoa meupe

Assalaam alaykum. Nilikuulizeni niwatenge vipi vitatange wawili kabla ya kuwatia kwenye tangi langu la maji ya bahari, maana ni samaki dhaifu na nikihofia dawa ya shaba, ile ya kuua kimelea cha maradhi ya madoa meupe, ingewamaliza. Nakushukuruni sana nyote.

Nilifuata rai ya kuwahamisha tangi kila baada ya saa 72, mara nne. Kimelea cha madoa meupe humwacha samaki, hujibandika chini na kuzaliana huko. Samaki akihama mapema, kizazi kipya humkosa. Tangi linaloachwa huoshwa na kuanikwa likauke kabisa, na jua la Unguja tunalo. Ndani hamna mchanga wala mawe, ni pampu ya hewa na vipande vya bomba vya kujifichia tu.

Njia hii haiondoi minyoo ya matamvua, hivyo aliyenambia niongeze prazikwanteli, ile ile dawa ya kichocho, Mungu amlipe kheri.

Mmoja alhamdulillahi yuko tangi kubwa, ngozi safi. Chakula kikavu hakukigusa kabisa. Nikampasulia chaza mbichi: akamzunguka, akarudi nyuma, kisha akaanza kudonoa kwa ule mdomo wake mwembamba mpaka gamba likabaki jeupe. Wa pili alikataa kila kitu, chaza, uduvi, kamba, akafa bila doa hata moja mwilini. Ni njaa, na iliniuma.

Kwa anayetaka kununua: mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako kwanza.