UKOO WETU 🙏 Mwanza–Sengerema

Mama Neema 06:04
Mwangaluka wote. Jana jioni Bibi kapigiwa simu na "Kulwa". Sauti ya Kulwa kabisa, analia, eti kagonga mtu Igoma, anataka laki tatu na nusu kabla hajapelekwa kituoni. Kulwa mwenyewe muda huo yuko kazini Kirumba. Pesa haikutoka kwa kuwa Bibi hatumi bila mjukuu, na mjukuu alikuwa hajarudi shule. Nikiona tiki za bluu bila jibu nawapigia mmoja mmoja.

Kulwa 06:31
Sio mimi jamani 😭

Dotto 06:33
Mngejuaje kama sio mimi 😂

Mama Neema 06:35
Pacha, utani baadaye. Neema, waeleze.

Neema 06:52
Shikamooni. Kuiga sauti siku hizi kunataka sekunde chache tu. Mwaka 2023 Microsoft walionyesha programu yao, VALL-E, iliyotosheka na sekunde 3. Kaka Kulwa status zake za kuuza viatu zina dakika nzima. Halafu simu ya kawaida inabana sauti, kasoro za mashine hazifiki sikioni. Msitegemee sikio.

Ukipigiwa hivyo, kata. Usibishane, na akikwambia "usikate" ndiyo ukate haraka. Piga wewe ile namba uliyoihifadhi. Isipopatikana, mpigie anayekaa naye. Ukiwa unatuma, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisome lote. Kama pesa imeshaondoka, piga huduma kwa wateja hapo hapo waizuie kabla haijatolewa kwa wakala. Ikitolewa, hapo ni polisi. Namba ya tapeli ipelekeni kwa SMS 15040, ile ya kuripoti matapeli.

Mama Neema 07:01
Na tuwe na neno la siri la familia. Sio jina la mtoto wala kijiji, hayo yote yako Facebook. Haliandikwi humu, simu moja ikiibiwa tumekwisha. Linasemwa kwa mdomo, Jumamosi, Sengerema, kwa Bibi. Nani anakuja?

Dotto 07:03
Liwe SANGARA

Mama Neema 07:03
Umeliandika!!

Dotto 07:04
Basi FURU

Koleta 09:20
Mimi naona liwe swali. "Aliyetuma *weka jina la marehemu hapa* ni nani?"

Charles 11:47
Dada, hilo tulilimaliza kikaoni.

Koleta 11:49
Mlilimaliza ninyi. Rambirambi uliyoandikiwa na akili bandia, mjane aliisoma hivyo hivyo kwa sauti mbele ya watu.

Neema 12:10
Baba mdogo, kuitumia hiyo akili bandia si dhambi, hata mimi inanipangia kazi. Ila marehemu haikumjua, kwa hiyo itaacha mabano au itabuni. Mistari miwili yako mwenyewe, jina lake na jambo moja mlilofanya naye, inatosha. Kisha unapiga simu.

Charles 13:30
Sawa. Ili tusigombane nimeiagiza ipange zamu za kumtembelea Mama:
Jumamosi ya 1: Charles na Koleta, gari moja, kivuko cha Kigongo saa 2 asubuhi
Jumamosi ya 2: Baba Ester na familia
Jumamosi ya 3: Kulwa na Dotto

Dotto 13:31
KIVUKO 🤣🤣 Daraja limefunguliwa Juni 2025! Kilomita 3, unafika Busisi wimbo haujaisha

Neema 13:36
Imefunzwa kwa maandishi mengi ya zamani. Usipoiambia itafute habari mpya, inakujibu ya zamani kwa kujiamini.

Baba Ester 13:52
Mimi Msabato mmenipa Jumamosi?

Koleta 13:53
Na mimi gari moja na nani?

Dotto 13:55
Mashine haijui nani kanuniana na nani 😂

Mama Neema 14:20
Jamani tunarudi kwenye Jumamosi. Watu 19 wamesoma, wamejibu 6.

Babu 20:15
Nimesomewa yote. Mama yenu alidanganyika kwa sababu Kulwa humpigia akiwa na shida tu. Sauti ya kulia ndiyo aliyoizoea. Neno la siri mtampa, lakini apigiwe na siku ambazo hakuna shida. Charles na Koleta mtakuja gari moja. Mkifika mtaanza kaburini kwa mdogo wangu, ndipo muingie ndani.

Koleta 20:41
Sawa Baba.

Kulwa 20:44
Sawa Babu. Nampigia sasa hivi.

Mama Neema 20:50
Asante Baba. Basi: Jumamosi saa 1 asubuhi, stendi ya Nyegezi. Kila nyumba elfu kumi ya mafuta, sukari kilo 5 naleta mimi. Baba Ester atakwenda Jumapili. Shemeji Charles, gari ni lako?

Baba Ester 21:02
Jumapili ipi?

Charles 21:30
Lipo gereji, nitathibitisha kesho.

Koleta 21:31
😏

Mama Neema 21:33
Kesho saa ngapi, shemeji?