Naombeni ushauri: prosesa ya i7-4700MQ itakubali kwenye laptop hii ya ThinkPad?

mwanauzi_88: Wakuu, ThinkPad yangu ya kizazi cha nne cha Intel imekuwa nzito mno. Nimeifungua, soketi ya prosesa na skrubu yake nimeiona. Nichukue i7-4700MQ au 4712MQ? Kuna kazi za watu humo, naogopa kuiua.

Tarishi: Weka SSD (diski isiyozunguka) kwanza, RAM (kumbukumbu ya kazi) ifike 8GB. Kama bado ina diski ya kuzunguka, prosesa mpya haitaponya kuwaka polepole.

bisibisi_bapa: Modeli gani? Prosesa iliyomo inaishia na herufi gani?

mwanauzi_88: Herufi za nini mkuu? Zote ni kizazi cha nne. Halafu 4700MQ nimeshailipia.

bisibisi_bapa: Umelipa kabla ya kuuliza! U na HQ zimechomelewa kwa risasi kwenye madabodi (bodi kuu), hazitoki. M na MQ ndizo za soketi. Taja jina kamili.

mwanauzi_88: i5-4300U. Ila soketi nimeiona kwa macho yangu.

Kware: Uzi huu umetungwa. 4300U haina soketi wala skrubu. Watu watanunua vifaa kwa kufuata maneno haya, sema kweli.

mwanauzi_88: Sijatunga. Hiyo U iliandikwa na muuzaji. Task Manager ya Windows inasema i5-4300M, na mashine ni T440p.

bisibisi_bapa: Sasa tunaelewana. T440p iliuzwa pia na 4700MQ, itakubali. 4300M ina viini 2 (sehemu zinazochakata) na wati 37. 4700MQ ina viini 4 na wati 47. 4712MQ nayo ina viini 4, lakini hubaki kwenye wati 37, ndiyo maana ningeichagua. Wati 10 za ziada huongeza joto, na feni yenye vumbi ikishindwa, prosesa hujipunguzia kasi.

Sasisha BIOS (programu inayoiwasha mashine) ukiwa bado na prosesa ya zamani. Chomoa chaja, toa betri. Legeza skrubu za kipoza joto kidogo kidogo kwa zamu. Skrubu ya soketi izungushe nusu tu, inua prosesa wima. Mpya ikae alama yake ya pembetatu ikilingana na pembetatu ya soketi, izame yenyewe. Ukikandamiza, pini zinapinda. Futa krimu ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Kware: Chaja ni ya wati ngapi?

mwanauzi_88: 65.

Kware: Tafuta ya 90 kabla hujafunga hiyo 4700MQ.